Ngumi Isipoangusha Mtu

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na kocha mmoja wa ndondi wa hapa Mombasa, mtu ambaye tunajuana tangu nilipokuwa kijana wa kubeba ndoo na taulo katika kona ya mabondia wa marehemu mjomba wangu. Alikuwa na swali moja na hakulizungusha. Kijana wake wa uzani wa juu, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa ameshinda mapambano tisa mfululizo, manane kati ya hayo kwa nokauti kabla ya raundi ya nne kwisha, na sasa alikuwa ametokea wakala aliyetaka kumpeleka ng'ambo akapigane raundi nane na bondia aliyemo katika orodha za dunia. Malipo yalikuwa makubwa kuliko jumla ya pesa zote ambazo kijana huyo amewahi kupata ulingoni na katika kazi yake ya ukuli pale Kilindini. Kocha alitaka niende nikamtazame kisha nimwambie kwa dhati kama huyu ni mtu wa kiwango cha dunia au la.

Nilikwenda jioni tatu. Naandika haya kwa sababu jibu nililompa lilikuwa refu kuliko alivyotarajia, na pia kwa sababu naamini kwamba wengi wetu, hata sisi tunaokesha barazani na kahawa chungu usiku wa pambano kubwa, huwapima mabondia wa uzani huu kwa kipimo kisichofaa. Tunahesabu nokauti. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ndiyo inayotueleza machache zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu uzani wenyewe. Uzani wa juu huanza pale bondia anapozidi ratili 200, yaani karibu kilo 91, na kutoka hapo hakuna mpaka wa juu. Katika uzani mwingine wote mizani huhakikisha kwamba wawili wanaokutana wanakaribiana kwa kilo. Huku juu mtu wa kilo 100 anaweza kukutana na mtu wa kilo 125 na pambano likawa halali kabisa. Nguvu zenyewe ni nyingi mno, kiasi kwamba kijana mkubwa mwenye mkono mzito wa kulia anaweza kuwashinda wapinzani dhaifu kwa miaka mitatu au minne kwa mkono huo mmoja tu, bila mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kupata nafasi ya kujua kama anajua kupigana. Bondia wa kilo 60 hana anasa hiyo. Akikutana na mtu anayejua kusogea, udhaifu wake utaonekana katika pambano la tatu au la nne, na atarudi mazoezini akiwa bado mdogo wa kufundishika.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Deontay Wilder wa Marekani. Alianza ndondi akiwa na umri wa miaka 20, umri ambao wenzake wengi wanakuwa wamekwisha kupigana kwa muongo mzima, na bado akapata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Alipofika kwenye pambano lake la kwanza la ubingwa wa dunia, Januari 2015, alikuwa ameshinda mara 32, zote kwa nokauti, na hakuna hata mpinzani mmoja aliyemfikisha raundi ya tano. Usiku huo huko Las Vegas alimkuta Bermane Stiverne, mtu ambaye usiku huo hakumalizika, akapigana raundi zote 12, akashinda kwa pointi na kuuchukua mkanda wa WBC, mmoja wa mikanda mikubwa ya ubingwa wa dunia. Nikiulizwa ni pambano gani lililonifundisha zaidi kuhusu Wilder, nitajibu ni hilo moja lisilokuwa na nokauti, kwa sababu katika yale 32 ya kwanza tulijifunza jambo moja tu, tukalirudia mara 32: kwamba mkono wake wa kulia ni mzito. Stiverne alituonyesha kwamba Wilder ana pumzi ya dakika 36, kwamba anaweza kuutumia mkono wa kushoto kumweka mtu mbali, na kwamba mpinzani asipoanguka yeye hapotezi akili.

Nisieleweke vibaya, Wilder alikuwa bingwa wa kweli aliyeutetea mkanda wake mara kumi. Lakini hata naye palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipima, nalo ni jinsi anavyosimama anapolazimishwa kurudi nyuma. Wapinzani wake wengi waliogopa mkono wake, kwa hiyo wao ndio waliorudi. Tarehe 22 Februari 2020 Tyson Fury wa Uingereza aliingia ulingoni akaamua kutembea mbele tangu kengele ya kwanza, na kufikia raundi ya saba kona ya Wilder ikarusha taulo. Miguu iliyokuwa haijawahi kuulizwa swali hilo haikuwa na jibu.

Upande wa pili kuna wale ambao kipimo huwakuta mapema. David Price wa Liverpool naye alirudi Beijing na shaba, katika uzani mkubwa zaidi kuliko wa Wilder. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 8, ameshinda mapambano 15 bila kushindwa, na Waingereza walikuwa wameanza kumwita bingwa ajaye. Februari 2013 aliletewa Tony Thompson, Mmarekani mwenye umri wa miaka 41 aliyekuwa amekwisha kushindwa mara mbili na Wladimir Klitschko wa Ukraine, na wengi waliamini kuwa mzee huyo amekuja kuchukua malipo yake na kuondoka. Price alimalizwa katika raundi ya pili, nyumbani kwake, mbele ya watu wake.

Mabondia kama Thompson nawafananisha na mawe ya mizani ya pale Marikiti. Jiwe la kilo halinunuliwi wala haliliwi, lakini bila hilo hujui umepewa iliki kiasi gani. Katika kizazi chetu jiwe bora zaidi la uzani wa juu limekuwa Derek Chisora, mzaliwa wa Zimbabwe anayepigania Uingereza, ambaye ameshindwa zaidi ya mara kumi na hata hivyo namheshimu kuliko mabingwa kadhaa wenye mikanda. Amepigana na Vitali Klitschko, David Haye, Tyson Fury mara tatu, Oleksandr Usyk na Joseph Parker mara mbili. Ukitaka kujua kijana wako ana uzito gani, muulize amekutana na nani wa aina hiyo. Na ukimkuta mtu wa aina hiyo katika rekodi, usitazame tu kama kijana alishinda. Tazama pambano lilichukua raundi ngapi, lilikuwa mji wa nani, na mpinzani alipewa taarifa mapema kiasi gani. Bondia aliyepigiwa simu Jumatatu apigane Jumamosi si mtu yule yule aliyejiandaa wiki kumi.

Nafika sasa kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha haya yote. Ninapomtazama bondia wa uzani wa juu, nasubiri ile nafasi ambapo anarusha ngumi yake bora, ile ambayo imewaangusha wote, ikampata mpinzani sawasawa, na mpinzani akabaki amesimama. Sekunde 30 zinazofuata ndizo ninazozitafuta. Wapo wanaorudia ngumi ile ile kwa nguvu zaidi, tena na tena, mpaka mabega yanakuwa mazito. Wapo wanaosimama kidogo kama mtu aliyefika mlangoni akakuta kufuli limebadilishwa. Na wapo, wachache sana, wanaorudi kwenye ngumi ya mkono wa mbele, wanasogea hatua moja kando, wanaanza kumuuliza mpinzani maswali mengine kana kwamba hakuna kilichoharibika. Hawa wa mwisho ndio wa dunia.

George Foreman alipofika Kinshasa mwaka 1974 alikuwa na mapambano 40 na ushindi 40, 37 kwa nokauti, na mapambano yake matatu ya ubingwa hayakuwa yamevuka raundi ya pili. Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwetu huku pwani, siku ya tarehe 30 Oktoba. Muhammad Ali, mwenye umri wa miaka 32, aliegemea kamba, akaziba uso, akaziacha ngumi zimtue mikononi na mbavuni. Foreman hakuwa na mpango wa pili. Aliendelea kupiga kwa nguvu zile zile mpaka raundi ya nane, ambapo mikono yake haikuweza hata kumlinda, akaangushwa. Kinachonivutia ni kwamba Foreman yule yule, akiwa na umri wa miaka 45, alimshinda Michael Moorer mwezi Novemba 1994 katika raundi ya kumi baada ya kuwa nyuma kwa pointi karibu pambano zima. Wakati huo alikuwa amejifunza kusubiri.

Usiku wa tarehe 1 Juni 2019 ulikuwa mtihani wa namna hiyo kwa Anthony Joshua wa Uingereza. Sisi tuliutazama asubuhi ya Jumapili, kwa kuwa mapambano ya Marekani hutufikia jua likichomoza. Joshua alikuwa hajashindwa katika mapambano 22, na 21 kati ya hayo aliyamaliza kwa nokauti. Andy Ruiz aliletwa kuziba nafasi ya bondia aliyepatikana na dawa zilizokatazwa, akaingia na ratili 268 na tumbo lililowachekesha wengi. Raundi ya tatu Joshua alimwangusha. Ruiz akainuka. Joshua, badala ya kurudi kwenye urefu wake na kutumia mkono wa mbele, akaingia karibu kummaliza, akakubali kubadilishana ngumi za kuzungusha na mtu mwenye mikono myepesi kuliko yake, akapigwa panja. Aliangushwa mara mbili katika raundi hiyo hiyo, na mara mbili tena katika raundi ya saba, pambano likasimamishwa. Miezi sita baadaye, huko Diriyah, Saudi Arabia, alizunguka raundi 12 kwa miguu na kwa mkono wa mbele, akashinda kwa pointi. Lilikuwa pambano la kuchosha kulitazama, nami nilifurahi kila dakika yake, kwa sababu nilikuwa namwona mtu akijibu swali lililomshinda mwezi Juni.

Wengi watauliza kuhusu ukubwa wa mwili. Nitalipita jambo hili haraka, kwa kuwa Oleksandr Usyk amekwisha kulijibu. Alitoka katika uzani ulio chini ya uzani wa juu, na Septemba 2021 alimshinda Joshua akiwa na ratili 221 dhidi ya 240, kisha mwaka 2024 akamshinda Fury mara mbili, mtu anayempita kwa urefu wa sentimita 15 hivi. Ukubwa unasaidia. Hauchukui nafasi ya miguu.

Miguu ndiyo ninayoitazama kwanza, na ningependa wasomaji wangu wajizoeze kufanya hivyo. Ni vigumu, kwa kuwa macho hufuata ngumi na kamera nayo hufuata ngumi. Lakini tazama mguu wa nyuma wa bondia baada ya kurusha mkono wa kulia. Ukirudi mahali pake, mtu huyo anaweza kurusha tena, au kukwepa, au kuondoka. Ukiburutwa mbele mpaka miguu ikawa sambamba, basi kwa nusu sekunde amesimama kama mlango uliofunguliwa, na katika kiwango cha dunia kuna watu wanaosubiri nusu sekunde hiyo usiku kucha. Max Schmeling alimtazama Joe Louis kabla ya pambano lao la mwaka 1936 akagundua kwamba Louis, kila anaporudisha mkono wa kushoto, huushusha chini. Alimpiga kwa mkono wa kulia juu ya kosa hilo mpaka raundi ya 12. Louis alilirekebisha, akawa bingwa mwaka uliofuata, akamlaza Schmeling katika raundi ya kwanza mwaka 1938, akautetea ubingwa wake mara 25. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la upana wa kiganja.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema kuhusu Wladimir Klitschko, kwa sababu yeye ndiye aliyebadilisha namna yangu ya kutoa hukumu. Mwaka 1998 alimalizwa pumzi na Ross Puritty mjini Kiev, akasimamishwa katika raundi ya 11. Machi 2003 Corrie Sanders wa Afrika Kusini, mashoto mwenye mkono wa kasi ya ajabu, alimmaliza katika raundi ya pili. Aprili 2004 Lamon Brewster alimsimamisha katika raundi ya tano. Mara tatu kwa nokauti, na kila mara alionekana kama mtu ambaye akiguswa tu anavunjika. Sikumjua mtu hata mmoja, hapa au kwingineko, aliyekuwa bado anamtaja kama bingwa wa baadaye. Isipokuwa kocha wake mpya, Emanuel Steward. Mzee huyo hakujaribu kumfanya Wladimir awe mtu wa kustahimili ngumi, kwa sababu jambo hilo halifundishiki. Alimfundisha asipigwe: mkono wa kushoto wa mbele uwe kama mlingoti, usimwache mtu akaribie, na akikaribia, mkumbatie, mlalie kwa kilo zako zote mpaka refa awatenganishe, kisha anza upya.

Septemba 2005 alikutana na Samuel Peter wa Nigeria, kijana aliyekuwa akiogopwa na kila mtu wakati ule. Peter alimwangusha mara tatu. Mara zote tatu Wladimir aliinuka, akarudi kwenye mkono wake wa kushoto, na alishinda kwa pointi. Kwangu mimi usiku huo, akiwa wakati huo hana mkanda mkubwa wowote, ndipo alipokuwa bondia wa kiwango cha dunia. Aprili 2006 alichukua ubingwa na hakuuachia mpaka Novemba 2015. Tangu hapo nimeacha kusema kwamba bondia fulani "amekwisha" kwa sababu ya nokauti moja. Swali langu sasa ni kama kilichomwangusha kinarekebishika, na kama ana mtu wa kumrekebisha.

Hata hivyo nilikosea tena, na kosa hilo ni la juzi. Novemba 2020 Daniel Dubois alipigana na Joe Joyce, jicho lake la kushoto likafunga, na katika raundi ya kumi akapiga goti na kumwacha mwamuzi ahesabu mpaka mwisho. Niliwaambia wenzangu barazani kwamba kijana yule hana moyo. Baadaye ilijulikana kwamba mfupa wa tundu la jicho ulikuwa umevunjika. Desemba 2022 Kevin Lerena alimwangusha mara tatu katika raundi ya kwanza, naye akashinda katika ya tatu. Nikasema ni bahati. Agosti 2023 alishindwa na Usyk katika raundi ya tisa, nikasema mnaona. Kisha akamsimamisha Jarrell Miller, akamsimamisha Filip Hrgović, na Septemba 2024, mbele ya uwanja wa Wembley uliojaa, akamwangusha Joshua mara kadhaa na kummaliza katika raundi ya tano. Usyk alimshinda tena Julai 2025, ndiyo, lakini kushindwa mara mbili na Usyk hakumwondoi mtu katika kiwango cha dunia. Niliita woga kile ambacho kilikuwa busara ya mtu mwenye mfupa uliovunjika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tuliokaa na vikombe vyetu ndio tuliousema kuwa mwepesi. Kijana huyo nilimdhulumu, na nalisema hapa kwa kuwa nililisema kosa lile hadharani.

Ninarudi kwa kijana wetu. Jioni ya kwanza alipiga gunia, na kishindo chake kilisikika mpaka barabarani. Sikuandika chochote, kwa sababu gunia halirudishi. Jioni ya pili alifanya mazoezi ya kupigana na bondia wa kilo 80, mwepesi na mjuzi, na hapo nikaanza kuandika. Mkono wake wa mbele anaurusha kama mtu anayebisha hodi, kisha anausahau kiunoni. Mguu wake wa nyuma, lakini, unarudi mahali pake karibu kila mara, na hilo sikulitarajia kwa mtu mwenye mapambano tisa. Jioni ya tatu kocha alimleta bondia wa zamani wa uzani wa juu, mtu mzima wa kilo 115, ambaye hakufanya lolote ila kumwegemea, kumsukuma na kumpiga mbavuni. Katika raundi ya kwanza kijana alimpiga ngumi ya kulia iliyonifanya ninyanyuke kitini. Yule mzee alitikisa kichwa, akaendelea kumwegemea. Kijana alirusha ngumi ile ile mara sita au saba zaidi. Kufikia raundi ya nne mdomo ulikuwa wazi, mabega yamepanda, na mikono imeshuka. Lakini alipopigwa ngumi ya kupandisha iliyomyumbisha, alimkumbatia mzee, akapumua, akaondoka kwa upande wa kulia. Nilipomuuliza kocha nani aliyemfundisha hilo, alinijibu kwamba hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo nilimwambia kocha hivi. Kijana huyu si wa kiwango cha dunia leo, na raundi nane dhidi ya mtu wa orodha za dunia zitamkuta katika raundi ya nne akiwa hana mkono wa mbele wala pumzi. Ana vitu viwili ambavyo ni vigumu kuvifundisha, yaani mguu unaorudi na akili isiyotawanyika akipigwa. Vilivyopungua vyote vinafundishika, isipokuwa vinahitaji muda na vinahitaji watu wakubwa wa kufanya nao mazoezi, na hapo ndipo penye shida yetu. Mombasa nzima sijui kama unaweza kuwapata mabondia watatu wa uzani wake. Kenya haijakosa watu: katika Olimpiki ya Tokyo Elly Ajowi alituwakilisha katika uzani wa kilo 91, akashindwa na Julio César La Cruz wa Cuba, aliyeondoka na dhahabu. Lakini La Cruz alikulia katika nchi ambako kila siku unakutana na mtu wa kilo zako anayekupiga. Kijana wetu hupigwa mara moja kwa mwezi, akibahatika.

Nilimkumbusha kocha habari za Martin Bakole wa Kongo, kwa kuwa zinafanana na simu ya wakala. Agosti 2024 huko Los Angeles, akiwa amejiandaa, Bakole alimsimamisha Jared Anderson, Mmarekani ambaye hakuwa ameshindwa kamwe, katika raundi ya tano. Februari 2025 aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, Dubois alipougua, akapanda mizani na ratili 315, na Joseph Parker akamsimamisha katika raundi ya pili. Mtu ni yule yule, na tofauti ya miezi ni sita. Ikiwa bondia mkomavu kama Bakole anaweza kuharibiwa na simu ya ghafla, basi kijana wa mapambano tisa tutamfanya nini? Niliomba badala yake atafutiwe mapambano matatu ya raundi nane dhidi ya watu wagumu kuanguka, na kama kuna njia yoyote, miezi miwili ya mazoezi Afrika Kusini, ambako watu wa uzani huu hawakosekani.

Kocha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitajia kiasi cha pesa kwa mara ya pili. Sikuwa na la kumjibu kwa hilo. Kijana ana mama na wadogo zake watatu, na mimi si ninayelipa kodi ya nyumba yao.

Jibu la wakala linatakiwa Ijumaa. Jana baada ya sala ya Isha nilikuwa nimekaa barazani nje ya nyumba yangu, nikamwona kijana anakuja peke yake, bado amevaa nguo za kazi. Alinipa shikamoo, akaketi, akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani atauliza kuhusu mkataba. "Ami," akasema, "yule Ruiz alipoinuka, Joshua alikosea wapi?" Nikatoa simu, nikaitafuta raundi ya tatu. Tuliirudia mara tano, na kuanzia mara ya pili niliona kwamba hatazami tena mikono. Alikuwa ameinama karibu na kioo, akitazama miguu.